Magunia Kumi ya Kahawa Ambayo Hukuwa Nayo

Mpendwa jirani yangu Mama Devota,

Waitu, mwenzetu, hujambo huko ng'ambo ya mto? Sie tupo. Mgomba wako wa mpakani umebeba mkungu mkubwa, na hao waliohamia kwako hawajui hata kuuwekea nguzo, nimeuwekea mie. Mbuzi wa mwinjilisti kala tena kitambaa cha altare, safari hii mpaka nusu. Nikiendelea hivi karatasi itaisha, na mie leo nina jambo moja tu: yale maonyesho ya vyakula ya kinamama, pale uwanja wa kanisa.

Nakukumbuka na vikapu vyako. Ulikuwa unawachumia watu kahawa, badala ya hela unaomba wakulipe kahawa mbichi. Unaichemsha na majani yako ya harufu, ambayo hata mie hukuniambia ni yapi, na ulifanya la maana. Unaanika, unafunga vifurushi kwa majani makavu ya mgomba, vizuri kama zawadi ya harusi. Kila mtu hapa anampa mgeni kahawa ya kutafuna, lakini ya kwako ukitafuna moja unatafuta ya pili. Ukaniambia, "Nikipata mahali pa kuuzia, sishiki tena jembe la shamba la mtu." Uliniambia huku unajitoa mwiba mguuni.

Basi mchungaji akasema maonyesho yafanyike, na tusingoje Mzungu, wenye nacho wa hapa hapa wachangie. Nikachaguliwa mie kuzunguka kuomba, kwa sababu ya mdomo. Nilifurahi mno. Seremala nikamsifia randa yake, akatoa meza sita. Mwenye lori nikamwambia lori lake linaunguruma kama la serikali, akakubali kubeba meza. Akabaki Mzee Kalisti mwenye duka, ndiye tuliyemtaka hasa, maana alikuwa na turubai na chumvi, tena alishasema mama atakayempendeza siku hiyo atampa kibaraza cha duka auzie, pale mabasi yanaposimama. Nilijua kibaraza kile ni chako.

Sasa Kalisti akaanza kubana. Akauliza huyo mama wa kahawa atakuja kuonyesha nini, viganja viwili?

"Viganja? Mzee Kalisti, yule ana magunia kumi. Watoto wanalala juu yake, vitanda hawavijui."

Alicheka mpaka akashika mlango. Akatoa turubai. Na watu waliokuwa wanasubiri mafuta ya taa pale nje wakacheka pia, nami nikaondoka natembea kama bibi harusi. Si unajua miaka ile kahawa ilikuwaje. Ya kwenye kikapu hakuna aliyeuliza, lakini gunia ambalo halikupelekwa ushirika lilikuwa magendo ya kuvushwa mpaka, na wewe ndugu zako wako Rwanda. Mie sikuwaza. Niliwaza turubai.

Zikabaki siku mbili, mgambo wakaja kwako mchana. Ulinisimulia mwenyewe: walikuwa wanauliza magunia kumi yako wapi. Wakachimba sakafu ya jiko, wakachimba mpaka kwenye migomba. Wakachukua vikapu vyako viwili na vifurushi vyote, na wewe wakakupeleka, ukakaa siku nne.

Kalisti akatuma mtu: turubai lake halifuniki magendo. Seremala naye akataka meza zake. Mchungaji alikwenda kuwabembeleza, wakakubali, ila jina lako litoke. Likatoka. Aliyelitamka mbele ya kinamama kwamba limetoka ni mie, kwa sauti hii hii. Siku yenyewe watu wakauliza yule wa kahawa yuko wapi, nikasema anaumwa. Maandazi yangu ya ndizi mbivu yakapendwa. Kibaraza nikapewa mie.

Ulipotoka ulikuja kunisalimia kabla hujaoga. Ukauliza watu walikuja wengi? Nikasema si wengi. Mama Devota, walijaa mpaka barabarani.

Halafu ukakaa chini, ukachukua kisu, ukanisaidia kumenya ndizi. Ukasema, "Aliyenichongea ni Bibi Teresia. Ndiye pekee aliyeingia jikoni kwangu kuomba moto, akaviona vile vikapu."

Nikasema, "Labda."

Mie, mtu wa kuongea kutwa kucha, siku hiyo nilisema neno moja.

Toka hapo hukumpa tena shikamoo. Ukimwona njiani unashika njia ya juu, na wengine wakafuata. Alipougua nilimpelekea uji, akaniuliza, "Yule mtoto wa Kinyarwanda nilimkosea nini?" Nikamjibu eti umezidiwa na vibarua. Siku ya kumzika kijiji kizima kilikwenda, na wewe ulibaki unapalilia, nikakuona kutoka kwenye msiba. Hujawahi kukosa msiba wa mtu. Huo nilikukosesha mie.

Lile lori la kuwarudisha Wanyarwanda kwenu lilipokuja, nilikubebea mkeka. Tukaagana, nikaongea yote, mvua, mbegu, nani kamwoa nani. Hilo moja sikulitaja, mpaka leo. Maandazi nauza, watu wananichekea, nikifika nyumbani nakaa.

Bibi Teresia hakusema kitu. Aliomba moto, akapewa, akaenda kupika. Magunia kumi niliyatoa mdomoni mwangu mie, pale mlangoni kwa Kalisti, kumfurahisha.

Barua hii nimempa mchungaji aisome kanisani Jumapili, ndipo nimpe mtu anayevuka akuletee. Maana wajukuu wa Teresia wanaitwa wajukuu wa mchongezi mpaka kisimani, na wao hawajui kitu. Nitakaa benchi la mbele, nisikie. Najua nikitoka pale maandazi yatalala.

Usinijibu kama moyo hautaki. Ila siku ukivuka kuja huku, kaburi la Teresia liko nyuma ya nyumba yake, upande wa mibuni. Anzia huko, umpe shikamoo yake. Kwangu unaweza kupita tu. Nitakuona kutoka mlangoni, na sitakuita.

Kaa salama, mwenzangu.

Ni mie jirani yako wa mpakani,
Mama Anajoyi