Siku Bilulu Alipoanguka

Jumatatu, 3 Juni
Baridi, vumbi. Chai na mkate kwa Fidèle, kama kila wiki ya kazi. Ametusimulia kipande cha kesho: Bilulu anakwenda Karavia, mtaa wa matajiri, kwa mkwe wake, kudai mbuzi wa mahari. Bilulu ni yeye, mimi mke wake, Bibi Safi. Hatuandiki kitu. Miaka thelathini na moja anasimulia, tunacheza. Filamu hii ni ya mwisho, magoti yake yamechoka. Nikamuuliza itaishaje. Kasema bado anatafuta. Nilikuwa na hasira na viatu vyangu vinavyobana, sikumwangalia usoni.

Jumanne, 4 Juni
Fidèle yuko hospitali.

Tulikuwa uani, katika nyumba tuliyoazimwa. Akaanguka karibu na mbuzi. Sheria yetu ni moja: mwenzako akifanya kitu, kipokee, usisimamishe mchezo. Nikapokea. Akasema, "Niko nakufa." Maneno ya Bilulu hayo, yamo katika kila filamu. Nikashika kiuno: "Kufa! Nitaolewa na mwenye iko na meno."

Wote wakacheka, hata mlinzi wa geti. Nikammwagia maji. Nikaendelea. Trésor wa kamera anasema zilipita dakika nne kabla sijamgusa mkono.

Alhamisi, 6 Juni
Hasemi. Upande wa kulia umekufa. Damu imevuja kichwani, kasema daktari. Nimekaa kwenye benchi tangu asubuhi. Watu wakiniona wanamwona Bibi Safi, wanaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Nawachukia. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amefika siku ileile.

Jumapili, 9 Juni
Amefariki alfajiri.

Ijumaa, 14 Juni
Kilio kimekwisha. Trésor kanionyesha picha za video za siku ile. Baada ya maji, chini ya vicheko, kuna sauti yake: "Odette."

Mbele ya kamera hakuna Odette, kuna Bibi Safi tu. Hakuwahi kukosea jina, hata mara moja. Alikwisha kutoka mchezoni, ananiita mimi, nami nachekesha watu.

Nikamwambia Trésor afute. Akakataa, mwenye kuamua ni mjane. Nikamtukana yeye na mama yake. Bado sijajuta.

Jumatano, 19 Juni
Régine, mjane, ameomba kuona. Wenzangu wanataka tumalize filamu, mtu mwingine avae kofia ya Bilulu. Mimi namwogopa Régine tu. Nikimwambia ukweli nitampoteza naye. Nikinyamaza, nitakula bukari, ugali wetu, nyumbani kwake kama mwizi.

Jumamosi, 22 Juni
Nimekwenda mwenyewe, asubuhi, picha zikiwa katika simu. Nikamwambia yote kabla hajaona. Akaangalia mpaka mwisho.

"Ulimusikia?"

"Hapana, mama."

Akarudi kwenye sinia lake la mchele, akatoa mawe mawili, matatu. Kisha akasema, bila kuinua kichwa:

"Asubui ile aliniambia mukono yake iko nalala, iko na ganzi. Miye nikamujibu: acha michezo yako, wende ku kazi."

Baadaye akaomba filamu ibaki palepale ilipofika. Nimekubali, nitawaambia wenzangu kesho. Nikavuta kigoda, tukachambua mchele pamoja.