Dawa Niliyoishona Kwenye Ukosi wa Kabula

Jumapili, 2 Juni

Salamu kwanza, maana kuandika barua naweza, kuandika daftari sijawahi. Mimi mzima. Bibi, mama mkwe wangu, mzima ila goti. Masanja, mwanangu wa pili, yuko Mwakitolyo kwenye duara lao, shimo la kuchimba dhahabu, juzi alituma salamu, mzima. Ng'ombe wanne wazima, ndama anaharisha. Kuku wapo. Na Kabula yupo, mwanangu wa kwanza, analala chumba cha uani kama vile hajawahi kuondoka. Ndiye aliyenipa daftari hili. Kasema niandike mambo yangu, hatasoma mtu.

Leo kanisani, halafu pamba. Kabula kachuma na mimi mistari mitatu. Vidole vimechanika. Halalamiki. Nimefurahi.

Watu wananiuliza anafanya kazi gani huko Ujerumani. Niliwahi kusema ni daktari, Mama Shija wa jirani akaleta mtoto mwenye kikohozi. Ikabidi nieleze. Udaktari wa nyimbo, si wa sindano. Nyimbo zetu za kulimia amezisoma miaka na miaka, akaziandikia kitabu. Na kazi yake ya kila siku ni kuongoza opera. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao kila kitu kinaimbwa, hata mtu akiomba maji ya kunywa anaomba kwa kuimba. Wapo wapigaji vyombo wengi na waimbaji wengi, na Kabula ndiye manju wao, kama kiongozi wa ngoma kwetu. Mimi nimeelewa hivyo. Alianza ana miaka saba, na kijiti cha mpamba mkononi, anawaongoza watoto wenzake nyimbo za kanisani.

Tarehe 15, Jumamosi, ataongoza opera nzima yeye. Mzee wao anastaafu. Wakimpenda, nafasi ya yule mzee ni yake. Wasipompenda atabaki msaidizi, na msaidizi amekuwa miaka sita. Chakula hali vizuri. Anapiga vidole mezani huku anatazama ukuta.

Naogopa kuliko yeye.

Jumatatu, 3 Juni

Nimefanya jambo.

Kabula aliniachia koti lake jeusi la kuongozea nikaze kifungo, yeye akaenda Mhunze kukata tiketi ya kesho. Nimekaza kifungo. Nimelipiga pasi ya mkaa. Halafu nimejitanda kanga nikaenda kwa Mzee Ngasa.

Ngasa alikuwa mpiga ngoma wa marehemu Baba Kabula, enzi hizo Baba Kabula ndiye manju anayejulikana mpaka Maganzo. Dawa ya ngoma, samba, bado anayo. Ile inayovuta watu. Baada ya mavuno ngoma mbili zikishindana uwanja mmoja, watazamaji wanasimama wanapopenda wenyewe, na upande wenye watu wengi ndio umeshinda. Nikamwambia Kabula ana mashindano. Hapo sikudanganya.

Kanipa kitu kidogo kama punje ya choroko, kimefungwa kwenye kitambaa chekundu. Mwiko wake mmoja. Aliyeivaa asiwape watu mgongo. Nikasema sawa. Manju gani anawapa watu mgongo.

Nimeishona ndani ya ukosi, nyuma ya shingo. Uzi mweusi. Haionekani.

Padri asijue. Kabula asijue zaidi. Wiki iliyopita alikuwa ananirekodi nyimbo, akaniuliza, "Mama, wewe umewahi kutumia dawa ya ngoma?" Nikajibu mbele ya kile kinasa sauti chake kwamba mimi ni mtu wa kanisa. Mwaka alioandika kitabu aliniuliza pia, nikajibu hivyo hivyo. Uongo. Usichana wangu wote, kwenye kundi letu la kulima, niliivaa kiunoni.

Jumanne, 4 Juni

Kaondoka na basi la asubuhi. Koti kaliweka juu ya nguo zote. Bibi kaniuliza mara tatu Kabula yuko wapi. Nyumba imepoa.

Alhamisi, 6 Juni

Kafika salama. Huko mvua. Ndama amepona.

Jumapili, 9 Juni

Masanja kaja kutoka Mwakitolyo, vumbi mpaka kwenye nyusi, na simu kubwa. Kasema, "Mama, njoo umwone dada kazini." Mimi nilikuwa na picha zake tu, ameshika kijiti, anacheka. Kuongoza kwenyewe sijawahi kuona. Nikavaa miwani.

Namwona mtu na koti. Namwona kisogo. Nikasema aliyepiga hii picha kakosea, kasimama nyuma yake.

Masanja akacheka. "Hajakosea. Dada anawaangalia wapigaji."

"Na watu waliokuja?"

"Wako nyuma yake. Wanaona mgongo."

"Anageuka saa ngapi?"

"Ikiisha. Anainama kidogo, anaondoka zake."

Nikauliza inachukua muda gani. Kasema saa tatu hivi. Saa tatu, mgongo.

Bibi kasema mtoto wetu wamemharibu, hana adabu tena. Masanja kacheka mpaka kakohoa. Mimi nimeukumbuka mwiko wa Ngasa.

Nilikuwepo Maganzo siku Baba Kabula alipogeuka. Ngasa alikosea pigo, Baba Kabula akamgeukia amkaripie. Kitambo kidogo tu. Nina Kabula mgongoni. Watu walihamia upande wa pili wote, kama maji yaliyomwagika. Sauti ikamkauka siku tatu. Wengine walisema ni vumbi. Labda. Mimi nilikuwepo.

Jumatatu, 10 Juni

Kwa Ngasa asubuhi. Kasema, "Mgongo? Saa tatu? Hiyo ni ngoma gani, Mama Kabula?" Nikasema ya Ujerumani. Kavuta ugoro. Halafu kasema yeye alinieleza mwiko, na ni kweli alinieleza.

Kuitoa, anaitoa aliyeishona au aliyeivaa. Mtu wa tatu hapana. Mimi mkono wangu haufiki huko.

Jumanne, 11 Juni

Kabula kapiga simu. Mazoezi mabaya. Waimbaji hawamfuati. Mpiga fidla wa mbele, mtu mzima, akielekezwa anatazama pembeni. Jana mwimbaji mmoja kaondoka katikati ya wimbo.

Nikauliza kuhusu koti. Kwa kawaida ni la siku watu wanapokuja kutazama, kasema, lakini safari hii analivaa hata mazoezini. Linanuka moshi wa nyumbani, linamtia nguvu.

Hapo ndipo pa kusema. Nikamuuliza kama amekula.

Mimi ni mwoga.

Jumatano, 12 Juni

Nimechuma pamba chafu, majani matupu. Nimerudia kuichambua yote.

Alhamisi, 13 Juni

Nimesema.

Nimepanda kwenye kichuguu nyuma ya zizi, pale mtandao unakaa. Nimesema yote bila kupumzika. Koti, Ngasa, uzi, mwiko.

Kasema, "Mama, ngoja nichukue kalamu."

Akanihoji kama si mimi niliyemzaa. Kitambaa rangi gani. Nani alifunga. Ngasa alisema maneno gani, kwa Kisukuma, pole pole. Nikamjibu kila kitu. Nilianza kuona nafuu, nikajua ndiye yeye, hata akiwa mdogo ukimkasirisha anauliza maswali kwanza.

Halafu maswali yakaisha. Kasema, "Kitabuni nimeandika kwamba mama yangu hajawahi kuigusa. Watu wanasoma hicho kitabu, mama. Wanafunzi wanakisoma." Sauti ndogo. Kauliza nilikuwa namficha yeye au wale watakaosikiliza kile kinasa sauti.

Mpaka sasa nafikiri. Nadhani niliona aibu mbele ya wasomi wake. Sikutaka waseme mama wa Kabula ni mshenzi wa pamba.

Nikamwambia, "Itoe, ng'wana wane, mwanangu." Kasema anaitwa, mazoezi yanaanza. Hakusema ataitoa. Hakusema hataitoa.

Ijumaa, 14 Juni

Hajapiga.

Jumamosi, 15 Juni

Sasa saa kumi jioni. Huko wataanza saa mbili ya kwetu.

Leo sijampa mtu mgongo tangu asubuhi. Nimemsindikiza Mama Shija mpaka njiani, nikarudi kinyumenyume, macho kwake. Kaniuliza kama naumwa. Nimesema kiuno. Bibi nimempa chakula, nikatoka chumbani kinyumenyume, nikakanyaga jogoo.

Najua ni upuuzi. Nimeomba rozari pia. Mungu achague mwenyewe anayotaka kuisikia.

Kabula alipokuwa mdogo nilimpiga siku moja kwa kuvunja vijiti vyangu vya mpamba vya kuni, anatafuta kimoja kilichonyooka. Leo nimekumbuka hilo. Nisingempiga.

Jumapili, 16 Juni

Kapiga wakati natoka kanisani. Nikaenda kusimama pembeni ya ukuta.

Sauti imemkauka. Nikashtuka, nikauliza. Kasema mafua tu, na kupiga kelele mazoezini. Sawa.

Walimfuata. Mwanzo waliyumba, kasema, halafu kwenye sehemu ya pili wakamfuata wote, hata yule wa fidla. Ilipoisha akageuka, akawakuta watu wamesimama. Hakuna aliyehama. Mzee wao kamshika mikono yote miwili. Lakini nafasi yenyewe wanakaa kikao Alhamisi ndipo waseme.

Nikauliza, "Uliitoa?"

Kasema, "Nilishika mkasi. Halafu nikalitazama lile koti. Mama, uliishona nyuma ya shingo. Mimi nikiwapa watu mgongo, yenyewe inawaangalia."

Nimekaa chini pale pale, na nguo za kanisani. Sijui ni kweli dawa inahesabu hivyo. Ngasa naye nimemuuliza, kasema hajui, hilo halijawahi kutokea. Kacheka sana. Kasema Baba Kabula angependa.

Kabula hajanisamehe kwa kile kitabu. Hakusema, nimesikia kwenye sauti. Kwa hiyo mchana huu nimekaa na kalamu, Bibi amelala, kuku wako kimya. Nimeandika ukurasa wa nyuma wa daftari kwa herufi kubwa, Masanja akija aupige picha autume. Nimeandika hivi:

Mwanangu Kabula. Sisi wazima, Bibi anakusalimu, Masanja anakusalimu. Pale kitabuni ulipoandika mama hajawahi, futa. Andika kwamba mama yako alivaa dawa ya ngoma kiunoni miaka minane akiimbisha wakulima, na uzeeni akaishona kwa mkono wake kwenye koti la binti yake, kwa sababu aliogopa. Jina langu liweke. Na hiyo Alhamisi, wakisema ndiyo, wakisema hapana, usikae na jibu. Nitakuwa kichuguuni tangu asubuhi. Nijulishe haraka.