Maneno ya Juu ya Tangazo

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini goti lako limetulia na shemeji amepunguza kukohoa. Mimi ni mzima, na leo naandika mbiombio kwa furaha, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Binti yangu, fundi wa kuchomelea, ametengeneza vigoda ishirini vya kuogea. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikubali kuviweka barazani kwa juma moja tu. Kama visingeuzika, binti angefunga karakana yake na kurudi kuwa kibarua. Aliniomba niandike tangazo, kwa kuwa, kwa maneno yake, baba ndiye mwenye kalamu nyumbani.

Niliandika: kimo sentimeta arobaini na tano, bomba lisiloshika kutu, vishikio viwili, mpira chini ya kila mguu. Kila neno lilikuwa sahihi. Siku tano zikapita bila kuuzwa hata kimoja.

Siku ya sita nilikwenda mwenyewe. Muuza mboga wa jirani, mwanamke asiyejua kupunguza sauti, alisoma tangazo lote, kisha akaniuliza mpira huo utamfanyia nini yeye. Nikamjibu kwamba unazuia kuteleza. Akasema: basi, mwalimu, ungeandika hivyo, maana mimi siogi na sentimeta. Wapakiaji wa saruji walicheka mpaka wakatua mifuko. Niliudhika, dada.

Nikaketi palepale juu ya kigoda, nikageuza karatasi. Kila sifa nikaipa faida yake: mpira, ili sakafu yenye sabuni isikuangushe, vishikio, ili uinuke bila kumwita mtu. Juu kabisa nikaandika: Oga peke yako, mlango ukiwa umefungwa.

Hadi jioni vilitoka kumi na vinne. Kesho yake vikaisha, na mwenye duka ameagiza hamsini. Binti alinikumbatia miwani ya kuchomelea ikiwa bado usoni. Muuza mboga alimnunulia mama yake kimoja, akadai apunguziwe bei kwa kuwa yeye ndiye mhariri.

Sasa nikuambie yale maneno ya juu niliyatoa wapi. Nilipokuandikia kwamba siwezi kuja kwako kwa sababu ya kusahihisha mitihani, nilikudanganya. Nilianguka bafuni, nyonga ikaumia, na kwa miezi minane mwanangu wa kiume ndiye aliyeniogesha. Wewe uliniogesha nikiwa mtoto. Sikutaka unione nimerudi kulekule. Binti aliona nilivyonyong'onyea, akaenda kuchomelea kigoda cha kwanza. Hicho ni changu. Nilikuwa nakijua vizuri kuliko mtu yeyote, lakini kwa aibu nikajificha nyuma ya sentimeta.

Nakuja Jumamosi. Nakuletea kimoja kwa ajili ya goti lako. Changu nitakibeba mwenyewe. Nisalimie shemeji na watoto wote. Wewe niwekee maji ya moto tu, mlango nitaufunga mimi.

Ndugu yako akupendaye,
Mwalimu