Miguu Ndani ya Pindo

Tarehe 2 Mei

Kwako Chaki wangu,

Salamu nyingi, nyingi kuliko vitambaa vilivyonirundikia hapa mezani. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linalalamika, lakini nalo limeshazoea, halina pa kwenda. Wewe je? Unakula? Usiniandikie "nakula mama" halafu ukaja hapa na shingo kama kijiti.

Barua yako niliipata jana saa nne asubuhi, na kufika saa tano mtaa mzima ulikuwa nayo. Ndiyo maana napenda uniandikie. Simu ikikatwa maneno yameisha, lakini barua nawasomea wateja, na ambaye hakuwepo leo nitamsomea kesho. Mwalimu mstaafu, yule ninayemshonea suruali tangu mwezi wa pili, alikuwepo. Nilipofika pale ulipoandika kwamba Chama cha Wasanii wa Mkoa kinafanya maonyesho yake ya kwanza ya pamoja, na picha yako imechaguliwa, nilisimama. Nikasoma tena. Mwalimu akasema, "Mama Chaki, tumesikia." Nikamwambia, sikia tena.

Wasanii wa mkoa mzima, mwanangu! Na wewe umo! Mimi niliyeishia darasa la sita nimezaa mtu wa kutundikwa ukutani.

Picha unayoitaka ipo chini ya kitanda changu, pale pale ulipoiacha likizo. Nimeitoa nikaitazama tena. Kwa rangi huna mpinzani, hilo nitalisema mbele ya yeyote. Ila nikuulize kitu, usikasirike, mama yako hana shule ya mambo hayo. Kwa nini yule mwanamke ametupa mgongo? Mtu anakwenda kutazamwa na wakubwa, halafu anageuka? Na mgongo wenyewe mpana kama mlango. Tena ni fundi cherehani, lakini zipu ya gauni lake imeharibika, kajifunga pini! Fundi gani huyo? Mimi ningeona aibu. Lakini kama kamati imempenda, basi na mimi nimempenda.

Nitaituma. Niambie lini.

Mimi mama yako,
Mama wa Msanii (ndivyo wanavyoniita sasa hapa mtaani, nimewaomba)


Tarehe 9 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa goti, lipumzishe hata siku moja. Mimi sijambo, na nakula kweli.

Mama, tafadhali usiwaambie watu kwamba maonyesho ni yangu. Tuko ishirini na sita, kila mmoja picha moja. Tunakutana Jumamosi kwenye chumba cha nyuma cha maktaba. Mwenyekiti wetu, mzee mmoja mchongaji, hukalia ndoo ya rangi kwa sababu viti havitoshi. Siku nyingine zote bado naandika mabango ya maduka. Wiki hii nimeandika "Karibu Kinyozi" mara nne. Miaka sita sasa napaka majina ya watu wengine. Hii itakuwa mara ya kwanza jina langu kuwa ukutani. Ndiyo maana naitaka sana siku hiyo.

Kamati ilichagua kwa kuangalia picha za simu tulizowapelekea, na sharti ni moja: walichokiona ndicho kitakachotundikwa. Mwisho wa kupokea kazi ni tarehe moja Juni, ufunguzi ni tarehe sita. Seremala ameshaikata fremu yangu. Iviringishe, rangi ikae nje, uifunge kwenye shuka kuukuu, umkabidhi mtu wa mizigo wa basi.

Habari za yule mwanamke nitakueleza ukija. Utakuja, si ndiyo?

Mwanao,
Chaki


Tarehe 17 Mei

Chaki wangu,

Hujambo wewe, na wale wenzako ishirini na tano hawajambo? Wape salamu zangu, hasa mzee wa ndoo. Mwambie namshonea mto wa kukalia. Mimi niko imara.

Mzigo umeondoka leo na basi la saa mbili asubuhi. Nimemwambia mtu wa mizigo, "Humo ndani kuna mtu, usije ukamlalia." Akacheka, lakini aliuweka juu kabisa, nimemwona.

Sasa kaa chini nikupe habari tamu. Nilipoikunjua ile picha niifunge vizuri, nikaona kando zote nne nyuzi zinaning'inia kama ndevu za mahindi. Nikasema, haiwezekani. Mtoto wa fundi aende mbele ya watu na kitambaa kisicho na pindo? Watauliza kama ana mama. Basi nikaacha kazi za watu siku mbili, Mwalimu na suruali yake wakangoja. Nikakunja vidole vinne kila upande, na chini kiganja kizima. Nikapiga cherehani, halafu nikarudia juu yake kwa mkono, kwa ule uzi wa kushonea makochi, ambao hata punda wawili wakiuvuta haukatiki. Sijawahi kupiga pindo lililonyooka namna ile, mwanangu. Pasi nilijizuia, niliiogopa rangi. Na juu nimekuwekea vitanzi vinne, mnapitisha fimbo kama pazia. Hiyo fremu ya seremala mpe mtu mwenye shida.

Halafu kule chini kulikuwa na vimiguu viwili vya mtoto, vimebaki peke yake bila mtoto. Najua, nafasi ilikuishia. Usijali, nimevikunjia ndani, havionekani kabisa.

Asante yako weka tu, nitaichukua nikija.

Mama yako,
Fundi


Tarehe 21 Mei

Mama,

Shikamoo. Mzigo umefika.

Sijui nianzie wapi. Umeniharibia picha, mama. Zile kando zilikuwa za kuzungushiwa mbao na kupigwa misumari kwa nyuma. Sasa hakuna cha kuzungusha, fremu imeizidi pande zote. Nimejaribu kufumua kwa wembe. Mishono mitatu tu, rangi ikabanduka ukubwa wa ukucha. Nikaacha. Mwenyekiti aliitazama, akatazama picha ya simu, akaniuliza, "Miguu iko wapi?" Amenipa mpaka tarehe moja. Isiporudi kama ilivyokuwa, nafasi yangu anapewa mwingine anayengoja.

Sikufikiria kukuandikia usiishone. Nani angefikiria? Lakini nilipaswa kujua. Tangu nikiwa mdogo sijawahi kukupa kitu ukakiacha kama kilivyo.

Uliuliza ni fundi gani huyo aliyejifunga pini. Ni wewe. Ni lile gauni la kijani lililoharibika zipu nikiwa darasa la pili. Ulibadilisha zipu za mtaa mzima, ya kwako hukuipatia nafasi. Kila asubuhi ulichuchumaa ukanipa mgongo, nikakufunga pini, na nikitoka shule nikakaa chini kwenye vipande vya vitambaa na chaki zako, nikachora sakafuni mpaka jioni. Nimekua nikiutazama mgongo huo.

Na miguu uliyoikunjia ndani ni yangu.

Chaki


Tarehe 27 Mei

Mama yangu,

Shikamoo mama. Hujambo? Goti je? Siku sita sijaona neno lako, na simu inaita tu haipokelewi. Nimemuuliza hata mtu wa mizigo kama amekuona, amesema hapana.

Nisamehe. Niliandika nikiwa na hasira na nikaituma kabla haijapoa. Picha nimeiweka juu ya kabati. Tarehe moja ikifika nitamwambia mwenyekiti ampe nafasi yule mwingine, na mimi nitakwenda siku ya ufunguzi kutazama za wenzangu.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata wa kunigombeza.

Mwanao,
Chaki


Tarehe 15 Juni

Mwanangu Chaki,

Nimefika salama. Goti limevimba kwa kupiga magoti sakafuni kwako siku tatu, lakini ni uvimbe wa heshima, namwonyesha kila anayeuliza. Wewe hujambo? Shingo yako safari hii nimeiona kwa macho yangu. Ule.

Barua yako ya tarehe ishirini na saba nimeikuta chini ya mlango niliporudi, nikacheka peke yangu. Siku unaiandika, mimi nilikuwa kwenye basi na wembe mpya kwenye mkoba.

Sasa nikwambie ambalo sikukwambia huko. Kuna mambo mdomo wangu unayaogopa, utashangaa. Ile barua yako ya hasira ilifika kukiwa na watu. Mwalimu, mama wa duka la jirani, na mabinti wawili waliokuja kupimwa. Wote, "Soma! Soma!" Nikakaa sawasawa, nikasafisha koo. "Mama, shikamoo. Mzigo umefika." Wakapiga makofi. "Sijui nianzie wapi." Mama wa duka akasema, "Ni furaha hiyo, jamani." Halafu macho yangu yakatangulia mbele, yakaona.

Nikakohoa. Nikaendelea: "Mama, pindo lako limewashangaza wote. Mwenyekiti ameishiwa maneno." Nikageuza karatasi, nikasoma na upande wa pili: "Wanauliza fundi huyu ni nani." Wakafurahi, wakaondoka. Mwalimu akabaki mlangoni. Akasema taratibu, "Barua nzuri, Mama Chaki. Hasa ukurasa wa pili." Ndipo nikatazama nilichoshika. Upande wa pili ulikuwa mweupe, hukuandika kitu. Na maandishi yako yote yalikuwa yamemgeukia yeye.

Siku zile sikukuandikia kwa sababu sikuwa na la kuandika, na simu niliifungia kwenye droo. Nilikuwa nakwenda kwenye kioo kikubwa cha wateja, nageuka, nageuza shingo mpaka inalia. Wapi! Nina miaka hamsini na minne, nimepima migongo ya watu sijui mingapi, wangu sijawahi kuuona. Ndiyo maana sikumtambua yule mwanamke. Nilimsema vibaya, ungejua alivyonitazama. Yaani, asivyonitazama.

Siku ya tano Mwalimu alirudi. Akaichukua suruali yake mezani, akaivaa pale pale juu ya ile aliyovaa, miguu ya suruali inaburuza nyuzi. Akasema, "Hii nitaivaa bila pindo. Wewe nenda kafumue la kule." Akaondoka nayo, mwanaume wa heshima zake! Bado anaivaa hivyo hivyo.

Sijawahi kufumua kazi yangu mbele ya mtu, hilo ulijua, ndiyo maana uliponikuta mlangoni kwako na mkoba ulinitandikia picha sakafuni. Nakumbuka ulivyoishika ile kando, hata kupumua hupumui, mimi natoa uzi mmoja mmoja. Siku ya tatu ndipo vikatokea vile vidole vya miguu, vina vumbi la chaki. Nilikuwa nangoja unikumbushe maneno yangu, kwamba nafasi ilikuishia. Hukunikumbusha. Asante, mwanangu.

Rangi iliyobanduka uliirudishia, mimi siioni ilipo. Vitundu vya sindano ndivyo vimebaki, kuzunguka picha yote, havifutiki. Mwenyekiti alipovipitishia kidole nilifunga macho. Akahesabu miguu, mmoja, wa pili, akasema, "Itundikwe." Na mto wangu ameukalia, umeona?

Siku ya ufunguzi ulikuwa mlangoni mwa maktaba unapokea wageni, kwa hiyo hukusikia. Bwana mmoja wa miwani alisimama mbele ya picha yako akawa anamweleza mkewe kwamba vile vitundu ni wazo zito la msanii. Nikamwambia, "Wazo ni langu." Akaniangalia kama nimepotea njia. Sikubishana naye. Nilisogea kando ya picha, nikamgeuzia mgongo tu. Mkewe ndiye aliyeshtuka: "Baba, ni yeye!" Wakaitana. Nikakaa hivyo hivyo nimewapa mgongo karibu saa nzima, watu wanakuja wanalinganisha. Wewe ulipita ukaniuliza, "Mama, bado unaitazama?" Nikakwambia ndiyo. Nilikuwa nautazama ukuta mtupu, Chaki.

Hapa dukani nimegeuza cherehani. Sasa nakaa nimeupa mlango mgongo. Mwanga wa dirisha unanitia kivuli kwenye kazi na wateja wananisalimia kisogo, lakini nawaambia ngojeni kwanza, tazameni vizuri. Asiyeamini namwelekeza maktaba ya mkoa, akalinganishe mwenyewe.

Na lile gauni la kijani lipo. Nilikuwa nalitumia kufungia vitambaa, nimelifua, nalivaa. Zipu sijaibadilisha. Mkono wangu haufiki, basi mama wa duka hunifunga pini kila asubuhi. Anajitahidi, sitamsema. Ila anaifunga juu mno, pale anapofika mtu mzima. Wewe ulikuwa unaifunga chini.

Mama yako,
wa pale ukutani