Kisanduku cha Dola Tatu

Washington, 3 Novemba 2010

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na theluji imeshaanza kukufungia mlango? Mimi mzima, ila mafua ya vyumba vya chini vya Bunge hayana mwenyewe, kila mtu anampa mwenzake.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu zetu zimekuwa vichekesho. Juzi nilikuuliza kama umeshachukua dawa, ukanijibu kwamba Pasta ameuza gari.

Bado niko ofisini kwa Mheshimiwa Haines, mbunge wetu. Kazi yangu ni kufungua barua za wapiga kura na kuwaandikia majibu, yeye anatia saini tu. Mkataba wangu ni wa muda, unakwisha Januari. Ameniambia waziwazi kwamba nikimsaidia vizuri kwenye mswada wake mpya ataniajiri moja kwa moja.

Sasa usirushe kikombe. Mswada wenyewe ni wa kuufuta ule mfuko wa serikali wa kampeni za urais. Ndiyo, kile kisanduku chako kwenye fomu ya kodi: ukiweka alama ya vema, dola tatu katika kodi ambayo ungeilipa hata hivyo zinakwenda kwa wagombea urais, wasiende kuwapigia magoti matajiri. Najua msimamo wako, nimekua nikiusikia kila mezani. Lakini Baba, wagombea wakubwa wenyewe wameanza kuzikataa hela hizo, kwa sababu wanapata nyingi zaidi kwingine. Na watu wanaoweka alama hawafiki hata mmoja kwa kumi.

Nisichokijua ni watu wanasema nini kalamu ikifika pale. Wewe kila masika unawajazia fomu nusu ya mji mzima kule kanisani. Nisimulie. Bila hotuba, tafadhali.

Binti yako,
Britta


Harmon Falls, Wisconsin, 15 Novemba 2010

Mwanangu Britta,

Marahaba. Goti linauma likijua mvua inakuja, kwa hiyo nalitumia badala ya redio. Dawa nakunywa. Na ni kweli Pasta ameuza gari, kwa hiyo sijui ulichokuwa unacheka.

Kikombe sikurusha, nilikiweka mezani kwa nguvu. Umesema bila hotuba, basi nakupa sentensi moja tu: nilikuwa mwalimu kijana wakati kampeni zilikuwa zinaendeshwa kwa fedha za siri za kwenye mikoba, na tulipopewa kile kisanduku tuliona kwamba hata mwalimu wa hesabu anaweza kuwa mfadhili wa rais. Nimemaliza.

Haya, watu wenyewe. Unajua utaratibu wangu pale ukumbi wa chini wa kanisa. Fomu yote naijaza mimi, lakini tukifika kwenye kisanduku naigeuza karatasi, nampa mtu kalamu yake, halafu mimi naangalia birika la kahawa mpaka amalize. Hapo ni kama kwenye chumba cha kura. Sijawahi kuchungulia. Lakini midomo yao siwezi kuifunga. Wengi wanadhani alama ile inawaongezea kodi. Nikiwaeleza kwamba haiongezi hata senti, wananitazama kama nimetumwa na serikali.

Kiboko yao ni Lorna Gunderson. Zaidi ya miaka thelathini amekuja na mumewe, Merle, na kila mwaka anasema lilelile: "Arvid, usinidanganye. Dola tatu si kitu, ila wakishajua natoa kwa hiari, kesho watakuja kuchukua ng'ombe." Ukumbi mzima hucheka, na Merle ndiye hucheka kuliko wote.

Merle tulimzika mwaka jana mwezi wa kumi, unakumbuka. Masika haya Lorna alikuja peke yake. Nikageuza karatasi, nikaangalia birika. Halafu akasema, kwa sauti, sikumuuliza: "Nimeiweka. Miaka yote nilikuwa nasema ya Merle. Yeye ndiye hakutaka, mimi nilikuwa namtunzia heshima yake mbele za watu." Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, akasema sasa na yeye kamchangia rais, na rais huyo asipoangalia bei ya maziwa atamfuata mwenyewe. Nilimmiminia kahawa. Sijui kama kuna kitu kilichonifurahisha zaidi mwaka huu.

Hiyo nimekusimulia wewe kwa sababu ulimpenda Merle.

Nakutumia lefse, chapati zetu za viazi, alizooka shangazi yako. Usizipashe kwenye mashine ya maikrowevu, zinakuwa ngozi ya kiatu.

Baba yako


Washington, 27 Januari 2011

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimezila lefse zote kwa siku mbili, na moja nimeipasha kwenye mashine. Ulisema kweli.

Nina habari njema, angalau kwangu. Mswada umepita Bungeni, sasa unakwenda Seneti. Na tangu jana mimi ni mwajiriwa kamili! Nina meza, nina kiti kinachozunguka, na jina langu liko mlangoni, chini kabisa lakini lipo. Mheshimiwa alinishika mkono mbele ya ofisi nzima akasema hotuba yake isingesimama bila mimi.

Kama ulitazama televisheni, utakuwa umesikia kipande kidogo kilichotoka kwako. Hakutaja jina la mtu. Natumaini hukuchukia.

Niandikie upesi. Nataka kusikia unanipongeza, hata kama utanipongeza ukiwa umenuna.

Binti yako,
Britta


Harmon Falls, 9 Februari 2011

Britta,

Mimi mzima. Nawe natumaini u mzima.

Hotuba niliitazama mgahawani, Ijumaa, watu wakila samaki wao wa kila Ijumaa. Waliirudia kwenye habari za mkoa kwa kuwa ni mbunge wetu. Dottie, mwenye mgahawa, akaongeza sauti ya televisheni, anasema, "Arvid, si ndipo alipo binti yako?" Nikasema ndipo. Nilijisikia vizuri kabisa, nikaacha uma.

Halafu akaanza: "Katika jimbo langu kuna mjane, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, anayekwenda kujaziwa fomu kanisani. Anasema hawezi kuweka alama, maana wakishajua anatoa kwa hiari watakuja kuchukua ng'ombe!" Bunge zima likaangua kicheko. Mheshimiwa akangoja kicheko kiishe, akasema, "Huyu ndiye Mmarekani tunayemlazimisha kufadhili siasa."

Hakutaja jina, ni kweli. Hapa mjini tuna wajane wangapi wenye ng'ombe wanaokuja kanisani kujaziwa fomu? Lorna alikuwa meza ya pili. Watu waligeuka wote, kisha wakageukia sahani zao. Alikunja kitambaa chake vizuri, akavaa koti, akapita kwangu. Akasema, "Pale kanisani walikuwa wananicheka watu wangu, na Merle yupo. Hawa ni akina nani?" Nilitaka kumwambia kwamba nilisimulia yote, mpaka mwisho. Nikaona nikisema hivyo ndiyo nitakuwa nimethibitisha kwamba nilisimulia.

Jumamosi nilifungua ukumbi kama kawaida. Nilichemsha birika kubwa. Walikuja wawili, mmoja alikuwa anatafuta kofia yake. Iliyofuata hakuja mtu. Wanakwenda kwa yule bwana wa barabara kuu anayetoza, na ninaambiwa wanasema heri yeye, hamjui mtu.

Usiniambie habari ya mfuko. Uufute, usiufute, mimi nitakasirika kama mzee yeyote anavyokasirikia siasa, nitalala, nitaamka. Ninachotaka kujua ni kimoja. Ile nusu ya pili ya barua yangu ilipotelea wapi?

Baba yako


Washington, 20 Februari 2011

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na nilipomaliza nikakuta bado nimesimama.

Nitakujibu ulichouliza. Haikupotea. Niliikata mimi. Niliandika hadi "kuchukua ng'ombe" nikaweka nukta, nikampelekea Mheshimiwa. Hakujua kama kuna nusu nyingine. Nusu ya pili ilikuwa inaupinga mswada, na mimi nilikuwa nimebakiwa na wiki mbili za mkataba.

Sitasema kwamba sikujua. Niliposoma pale alipolia na kucheka, mimi pia nililia. Halafu nikaiweka barua kwenye droo nikaendelea na kazi. Ndivyo ilivyokuwa, Baba. Sioni namna nzuri zaidi ya kuisema.

Lakini na wewe nitendee haki. Mfuko huo ulikuwa unakufa wenyewe. Hela zimekaa tu, wanaozichukua ni wale wasioweza kushinda. Hilo naliamini, hata leo, na silisemi kwa ajili ya mshahara. Ningeweza kulitetea bila Lorna. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nimemwandikia Lorna kuomba radhi. Ikirudi nitajua hataki.

Nisaidie, niambie nifanye nini.

Binti yako,
Britta


Washington, 18 Aprili 2011

Baba mpendwa,

Shikamoo tena. Hii ni ya tatu, ukihesabu na ile ya Februari, sijui kama zinafika. Najua zinafika, posta ya Harmon Falls haijawahi kupoteza hata kadi ya dukani.

Barua ya Lorna imerudi, haijafunguliwa. Ameandika juu yake kwa mkono, "Hapana, asante." Hata kunikataa amenikataa kwa adabu.

Nimepiga simu Jumapili mbili. Ya kwanza hukupokea. Ya pili ulipokea, nikasema "Baba," nikasikia unapumua, ikakatika. Nimejiambia labda ni waya. Nimemuuliza shangazi kuhusu goti lako, anasema goti halina neno, kilichobaki nikuulize mwenyewe.

Leo ndiyo siku ya mwisho ya kodi. Kila mwaka siku hii ulikuwa unaniambia idadi ya fomu ulizojaza, nami nasema "Mzee, unajisifu." Nimekaa nimengoja. Sitaki barua ya msamaha, nitukane tu. Andika hata mstari mmoja wa kunitukana.

Binti yako,
Britta


Harmon Falls, 2 Mei 2011

Kwa Mheshimiwa Prescott Haines, Mbunge
Washington

Mheshimiwa,

Salamu kutoka jimboni kwako. Sisi huku hatujambo, barafu imeyeyuka na ng'ombe wametolewa nje. Nakutakia afya njema.

Mimi ni mpiga kura wako, mwalimu mstaafu. Sikukupigia kura, lakini najua ofisi yako inamjibu kila anayeandika. Najua pia utaratibu wenu: barua hizi wewe huzisomi. Zinafunguliwa na msaidizi wako, naye ndiye anayetunga jibu. Msaidizi huyo ni mwanangu. Sikumwandikia yeye kwa sababu nikimwandikia yeye sijui ni nani mwingine ataisoma. Nikikuandikia wewe, nina hakika ataisoma yeye.

Kuhusu mswada wako, nasikia Seneti haijaugusa. Naupinga. Andika hivyo kwenye hesabu zenu za wanaopinga.

Yanayofuata mfikishie msaidizi wako.

Mwambie barua zake zote tatu zimefika. Mwambie alipouliza afanye nini, sikumjibu kwa kuwa sikuwa na jibu, wala si kwamba nilikuwa namtesa. Mwambie Jumapili ya Pasaka Lorna Gunderson alinipa mkono, akasema "Arvid," akaenda kukaa viti vya mbele, mbali na tunapokaa siku zote. Ibada ilipokwisha nilimfuata hadi nje. Nilimwambia kwamba niliisimulia habari yake kwa mtoto wangu, kwamba niliisimulia yote, na kwamba mtoto wangu akaikata. Sikumficha mtoto wangu. Lorna alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na sasa una mtoto au huna?" Nikarudi nyumbani.

Mwambie ile simu haikuwa waya. Niliikata mimi, kwa sababu nilisikia "Baba" nikaanza kulia, na sikutaka anisikie. Nimekasirika, Mheshimiwa. Nimekasirika kuliko nilivyowahi kukasirika na mtu yeyote, na tangu Februari nalala vibaya, na kila basi kutoka mjini Milwaukee likisimama pale kwa Dottie natazama nani anashuka.

Ofisi isinitumie jibu la kawaida lenye saini yako. Kama msaidizi wako ana jibu, alilete mwenyewe. Aje mapema, hasira ikiwa bado ipo, maana yapo mengi ya kumwambia na nisingependa kuyasahau.

Mpiga kura wako,
Arvid Tollefsrud