Jino la Babu: Bima au Kadi?

Barabara ya Pike Hollow,
Cutler Ford, Missouri.
12 Septemba 2016

Mpendwa Shangazi Lavonne,

Anayekuandikia hapa ndiye kichwa kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kuzaliwa kusini mwa Missouri. Mwezi mzima nimesoma makaratasi ya meno ambayo mawakili wawili wakiyasoma wangelazwa hospitali. Mimi niliyasoma huku nakula sandwichi, na sandwichi nikaimaliza.

U hali gani lakini, Shangazi yangu? Mgongo umepoa, au bado unapika umeinama? Na wale dubu wa Alaska bado wanakuja nyuma ya jiko la kambi, au wameonja mchuzi wako wakahama? Usinune, nakutania. Tunakukumbuka sana, hasa Jumapili, maana maharage ya Mama unayajua.

Sisi huku ni wazima. Mama goti linamsumbua mvua ikikaribia, vinginevyo anafoka kama kawaida. Mimi niko imara kama trekta jipya. Ile pikapu uliyoniachia bado inatembea, ila mlango wa kushoto unafunguliwa kwa teke.

Sasa nije kwa Babu, najua ndiyo habari unayoingoja. Jino lake la mbele, lile lililokuwa likicheza, halipo tena. Amebaki na pengo linalopitisha mkate. Na mnada mkubwa wa ndama ni Alhamisi ya kwanza ya Oktoba. Babu ameunadi mnada huo tangu wewe hujaolewa, na mwaka huu haijulikani kama atapewa kipaza sauti.

Unakumbuka Julai uliponipigia simu ulipotoka kambini kwenda kununua unga? Ulisema, "Wade, wewe ndiye unayejua kompyuta. Nitalipa mimi. Chagua moja kati ya bima ya meno na ile kadi ya punguzo, umwandikishe baba yangu jino halijamzidi." Nikakujibu hiyo ni kazi ya kabla ya chai. Shangazi, hiyo chai imepoa.

Bima unailipia kila mwezi, jino liume lisiume. Likiuma, wao wanalipa sehemu na wewe sehemu. Lakini kwa mwaka wana kikomo, ukikifikia wanakuachia mwenyewe. Yaani ukiugua kidogo ni rafiki zako, ukiugua sana hawakujui. Nyingine zinakungojesha mwaka mzima kabla ya kulipia kazi kubwa. Moja tu niliyoiona haikuwa na kungoja, ingelipa nusu ya jino la bandia tangu siku ya kwanza, nikaipenda.

Kadi nayo unailipia mara moja kwa mwaka, na yenyewe hailipi chochote. Kazi yake ni kwamba madaktari waliokubaliana na wenye kadi wanakutoza pungufu. Nikamuuliza Mama, mtu analipaje ili apunguziwe? Akasema ni kama ada ya uanachama ya duka la jumla, unalipa kwanza ndipo wakuuzie kwa bei nafuu. Nikaelewa kwa dakika moja, halafu nikaacha kuelewa tena.

Nikapiga simu. Mama wa bima alikuwa mpole kama muuguzi.

"Nikilipa leo, jino mnalipia lini?"

"Inategemea kundi la huduma, mpendwa."

"Ni jino la mbele."

"Sikuulizi lilipo. Nauliza atafanyiwa nini."

"Ningejua atafanyiwa nini, mama, ningemfanyia mwenyewe."

Yule wa kadi alikuwa kijana kama mimi, anazungumza haraka kuliko Babu akinadi. Akaniambia punguzo ni hadi asilimia hamsini. Nikamuuliza hadi hamsini ni ngapi. "Inaweza kuwa hamsini, kaka." Inaweza kuwa kumi na tano? "Hiyo nayo ni hadi hamsini." Huyo atafika mbali, ama gerezani ama bungeni.

Basi nikawa hivyo. Asubuhi naamka mtu wa bima, nikishakunywa kahawa nakuwa mtu wa kadi. Babu akipita sebuleni anauliza, "Mjukuu, umeshanichagulia, au unataka kuoa mojawapo?" Namwambia atulie, mambo makubwa hayaendi mbio. Anajibu kuwa jino lake halijui hilo.

Ijumaa ya mwisho ya Agosti akaamka shavu limevimba kama amemeza tofaa. Nikampeleka kwa daktari wa meno wa mjini. Daktari akasema njia ni mbili. Atibu mzizi na jino libaki, au aling'oe na baadaye kupandikiza la bandia. Akatueleza wazi kwamba la kupandikiza ni ghali kuliko kutibu mzizi, labda mtu awe na bima ya kumlipia nusu. Babu akafikiri kidogo, akasema, "Ng'oa. Bima itaniwekea lingine." Likang'olewa.

Wiki iliyofuata bima wakakataa. Kumbe ndani ya masharti yao kuna mstari mwembamba kama unywele: jino lililokwisha kutoka kabla bima haijaanza, hawalipii badala yake. Bima yetu ilianza tarehe mosi Septemba. Jino lilitoka siku chache kabla. Nikaenda kwa Twyla, yule mama wa mapokezi kwa daktari, nikamwomba asogeze tarehe kidogo tu. Akanitazama juu ya miwani.

"Wade Purdom, hapa tunang'oa meno. Tarehe tunaziacha zilipo."

"Ni siku chache tu, mama Twyla."

"Na jela ni miaka michache tu. Nenda nyumbani, mwanangu."

Alhamisi iliyopita, kwenye mnada mdogo wa kila wiki, Babu alipanda jukwaani na pengo lake. Alianza vizuri, wanunuzi wanainua vidole, ndama wanaingia na kutoka. Akafika kwenye sitini. Shangazi, ile "si" ikatoka mluzi. Sitini na sita ikatoka miluzi miwili. Mbwa wa wachungaji waliolala chini ya mabenchi wakainuka wote wakitafuta nani kawaita, mmoja akaruka uzio akaingia kwa ng'ombe. Watu walicheka mpaka kofia zikaanguka. Mimi pia nilicheka, sikufichi.

Brice Ledbetter, yule kijana aliyesomea kunadi huko Kansas City, akapaza sauti kutoka nyuma: "Mzee Orval, unauza ng'ombe au unawaita nyumbani?" Babu alimjibu kwamba anamwita yeye na amekuja. Hapo bado alikuwa Babu. Lakini baada ya mnada Mzee Haskew, mwenye uwanja, akamshika bega na kumwambia kuhusu Oktoba watatazama, pengine Brice amsaidie kidogo. Babu akasema sawa. Na wewe unajua yule mzee akikubali bila kubishana tunamgusa kama ana homa.

Jino la bandia la kuvaa na kuvua Babu halitaki. Anasema akishika kasi litamrukia mnunuzi, na mnunuzi atahesabiwa ameinua bei.

Ninachotaka uniambie ni hiki. Kadi ukiilipia leo inafanya kazi baada ya siku tatu, na wao hawajali jino lilitoka lini. Lakini daktari wao aliye karibu yuko Springfield, na hata akipunguza theluthi nzima ya bei, kinachobaki si kidogo. Bima nayo tumeshaianza, ukiiacha sasa umetupa pesa, ukiishika haitengenezi pengo. Au tushike zote mbili? Nimeuliza kama zinaweza kutumika pamoja, wa bima akasema muulize wa kadi, wa kadi akasema muulize wa bima. Nimezunguka mpaka sijui tena niliuliza nini. Chagua wewe, Shangazi. Nijibu kwa ndege ya kwanza ya posta, Oktoba haiko mbali.

Mama anakusalimu sana, anasema umletee samaki wa kukaushwa kwa moshi na si picha za samaki. Mchungaji Elwood anakusalimu na anakuombea. Nami naomba Mungu akulinde na baridi na dubu na mafuta ya moto, akurudishe ukiwa mzima na mnene. Babu hakutuma salamu, kwa sababu sijamwambia kuwa nakuandikia.

Shangazi, nimekuandikia kana kwamba bima ndiyo iliyotuibia. Siku ile kwenye kiti cha daktari, kabla hajasema "Ng'oa", Babu alinigeukia na shavu lake lile akaniuliza, "Wade, ile bima iko tayari?" Nikamwambia, "Tangu Jumatatu, Babu." Haikuwa tayari. Sikuwa nimeandikisha kitu. Nilikuwa sijaelewa ipi ni ipi, na niliona haya kusema mbele ya watu kwamba sielewi. Nilimwandikisha jioni yake tuliporudi, pamba yenye damu ingali mdomoni mwake. Angejua ukweli angetibiwa mzizi, na jino lingekuwapo. Mpaka leo kila akinywa kahawa anaitukana ile kampuni, na mimi nakaa pembeni namsaidia kuitukana.

Mimi nikupendaye, hata ukinikasirikia,
Wade