Leso Juu ya Barafu

Ghorofa ya Tisa,
South Beach, Durban.
Jumanne, 16 Septemba 2025

Mpendwa Dada Jael,

Naomba barua hii ikukute na nguvu, na lile goti likiwa limetulia tangu uache kupanda kilima na mtungi. Shemeji Mark anaendeleaje na kifua? Sisi tu wazima. Mwanao Jebet hana jeraha, hayuko polisi, na jana asubuhi alikwenda darasani. Najua jina lake ndilo ulilolitafuta kwa macho kabla ya salamu.

Uliambiwa kwamba kuna msichana aliyekatwa kisu huku na kwamba Jebet amehusika. Yote mawili ni kweli, ila yamepangwa vibaya. Kisu chenyewe ni kile kilicho chini ya kiatu cha kuchezea barafuni: chuma chembamba, chenye makali na meno madogo kwa mbele. Hakuna aliyemchoma mtu. Nitakueleza nilichokiona nikiwa safu ya tatu, hatua kumi kutoka uwanjani.

Laurette unamjua kwa picha. Ana miaka kumi na mitano, ni binti wa Félicité, yule Mkongomani anayesuka nywele saluni hapa chini ya jengo letu. Félicité ndiye aliyemlisha Jebet miezi miwili mwaka wa kwanza, nilipokuwa nimesafiri kikazi. Jumamosi tulikwenda kumshangilia Laurette akishindana kuteleza kwenye barafu. Wasichana wawili wa kwanza wangechaguliwa kwenda Johannesburg.

Kwenye televisheni mchezo huu ni laini kama hariri. Ukikaa karibu unasikia ulivyo. Visu vinakwaruza kama msumeno, na mtoto wa kilo arobaini akitua kutoka hewani, ubao wa kiti chako unatikisika. Wanaanguka kwa nyonga, kwa viwiko, kwa uso, na wanainuka kabla muziki haujawaacha. Msichana mmoja alitema jino kwenye glavu, akaendelea kuzunguka hadi mwisho. Tulisimama kumpigia makofi. Nami nilisimama. Ni miaka mitatu sasa tangu nipelekwe pale kuandika habari moja, na sijaacha kwenda.

Laurette alikuwa wa pili kutoka mwisho. Aliruka akazunguka mara mbili hewani, akatua, akaruka tena papo hapo. Hakuanguka. Jebet alipiga vigelegele mpaka waamuzi wakageuka. "Anko, ameweza! Huyu leo ni bibi harusi!" Akaifungua kiunoni ile leso uliyompa mwaka jana, akakimbilia ukutani alipokuwa Félicité, akafanya mnavyofanya ninyi na shangazi kwenye harusi: aliitupa mbele ya Laurette ili atoke akiikanyaga.

Nyumbani leso hutandikwa chini. Huku chini ni barafu. Tena katika mchezo huu anayefuata huingia mapema kupasha mwili, wakati aliyemaliza bado anatoka. Aliyefuata aliitwa Nokwazi. Alikuwa anapita kwa kasi, kinyumenyume, na hakuiona.

Meno ya kisu yalinasa kitambaa. Alipaa, akatua kwa kidevu. Nilisikia taya likivunjika. Nimewahi kuisikia sauti hiyo mara mbili kazini na haifanani na nyingine. Kisu cha mguu wa kulia kilipasua paja la kushoto. Damu kwenye barafu haisambai kama kwenye sakafu. Inafuata mikwaruzo ya visu, mistari myembamba inayokimbia mbali na mwili.

Baba yake Nokwazi aliruka safu mbili za viti. "Nani ametupa? Nani?" alifoka kwa Kizulu, kisha kwa Kiingereza. Jebet alikuwa amesimama, mikono bado wazi. Félicité akapita mbele yake.

"Ni miye! Ni miye njo nilitupa. Huyu mutoto mumuache." Akajipiga kifua, akarudia kwa Kiingereza.

Baba yake Nokwazi alimpiga ngumi ya jicho, Félicité akaanguka. Wanaume wengine wawili wakaja na mateke. Mmoja alikuwa akisema "rudini kwenu" kwa kila teke, kama anayehesabu. Laurette alipanda ukuta na viatu vyake vya visu ili amfikie mama yake. Mlinzi aliyemzuia alichanika kiganja. Nilimkamata mmoja shingoni, nikapigwa kiti begani. Lakini nilichelewa, dada, sekunde kumi na tano hivi. Miaka ishirini na sita ya uandishi wa habari imenizoeza kutazama kwanza. Nilitazama.

Aliyeyakomesha ni mama yake Nokwazi. Alikuwa amepiga magoti barafuni, mkono umekandamiza paja la mwanawe, akapaza sauti: "Eish, nyinyi! Mtoto anavuja damu huku, nyinyi mnampiga nani huko?" Wakaacha.

Baadaye waandalizi waliitandaza leso mezani. Mmoja aliniuliza kama yale maandishi ni uchawi. Nikayafasiri: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nokwazi amefungwa taya kwa waya na ana nyuzi thelathini na moja pajani. Daktari anasema atacheza tena, pengine mwakani. Félicité amevunjika mbavu mbili, na lile jicho halijafunguka. Laurette alishika nafasi ya kwanza, lakini Ijumaa kuna kikao. Ikithibitika kwamba mama yake alitupa kitambaa kwa makusudi ili kumwangusha mshindani, Laurette anafungiwa. Félicité hataki kubadili maneno. Nilimfuata hospitali. "Mama Jebet iko mbali," alisema. "Miye niko hapa. Sasa nani atamusimamia?"

Jumapili, kabla simu haijakatika, uliniomba niyaache yalivyo, kwa kuwa viza ya Jebet inatakiwa kufanywa upya Novemba, na jina lake likiingia kwenye karatasi yoyote linaweza kumfukuzisha. Nimeuliza wanaojua. Hawana uhakika. Hofu yako ina msingi, sitakuambia vingine.

Jebet hakuwa amekula siku mbili. Jana mchana alikuja na karatasi na kalamu, akakaa mbele yangu.

"Anko, niandike nilitupa au nilitandika?"

"Mkono wako ulifanya nini?"

"Ulitupa. Lakini nilikuwa natandika."

"Basi andika ulitupa. Halafu uwaeleze kutandika ni nini."

Aliandika kurasa mbili. Aliwaeleza bibi harusi, shangazi, na wewe ukivua leso yako siku alipohitimu sekondari, akaikanyaga akiwa na viatu vya shule. Sikubadili kitu. Nilitia sahihi chini yake kama shahidi, na leo asubuhi nimeipeleka kwa mkono wangu. Hukutaka jina lake liandikwe. Limeandikwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeliandika.

Leso nimerudishiwa. Nimeilowesha kwa maji baridi na chumvi. Damu imetoka sehemu kubwa, si yote.

Nisalimie shemeji Mark, Billy na mkewe, na Shangazi Marwa. Mwambie shangazi picha ya ng'ombe aliyonitumia niliiona. Mungu aliyekulinda ukitulea sote baada ya mama aendelee kukulinda, na mahindi yaingie ghalani kabla ya mvua.

Ukipata nafasi ya kupiga simu, usianze na Jebet. Anza na Mama Laurette. Hajui ulichoniomba Jumapili, na kutoka kwangu hatakijua.

Mdogo wako, akupendaye hata tusipokubaliana,
Cyrus